Kijiko Asubuhi, Kijiko Jioni

Runingu, tarehe 9 Oktoba 1955

Kwa dada yangu Consolate, huko Albertville,

Salamu zangu zikufikie na uzima, pamoja na za mama. Ameketi hapa mlangoni anachambua mboga, na kila ninapochovya kalamu ananiuliza nimefika wapi. Mvua imechelewa lakini mihogo ipo. Tangu Bihogo wetu afe hatuna tena ng'ombe, na bado mama anaosha kile chombo cha kukamulia kila Jumamosi kana kwamba kesho kitajaa. Hatungimana amemwahidi mtamba mmoja katika kundi lake. Ndilo tumaini lake kubwa sasa, analitaja hata katika sala. Inamahoro anakusalimu "dada Consolate", kama tulivyomfundisha. Ametimiza miaka mitatu, na anafukuza kuku za watu kutwa nzima.

Sasa nikupe habari ya kazi yangu. Mwezi uliopita gari la misioni lilituletea mapipa sita ya karatasi ngumu. Ndani yake mna unga mweupe, laini, unaolia chini ya meno na kung'ang'ania juu ya kinywa. Ni maziwa, dada. Maziwa yaliyokaushwa huko Ulaya. Tumeagizwa kuchemsha maji, kukoroga unga, na kumpa kila mtoto wa shule kikombe kimoja kabla ya masomo, anywe mbele ya macho yetu. Padri mkuu alinichagua mimi niangalie kazi hiyo.

Siku ya kwanza hakunywa hata mmoja. Watoto walisimama na makopo yao wakiutazama moshi. Émérance, binti wa Hatungimana, akaniambia mbele ya wote: "Mwalimu, minye siwezi kunywa. Maziwa ikipita ku moto, ngombe ya baba itakauka." Unajua mwenyewe mambo ya kwetu. Nikamwaga sufuria nzima nyuma ya shule, na nzi wakashiba.

Siku ya tatu nikapata akili. Nikawaambia: "Watoto, hii si maziwa. Ni dawa ya nguvu." Neno moja tu, dada! Wakapanga mstari, wakafumba macho, wakanywa kama wanavyokunywa kwinini. Sasa wanakunywa wote mia moja arobaini na watatu, na mama zao wananishukuru njiani. Padri alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi ndugu yako,
Térence, mwalimu wa darasa la tatu


Albertville, tarehe 2 Novemba 1955

Kwako Térence, mwalimu wa wino mwekundu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya, na hutairudisha imesahihishwa. Mimi ni mzima. Gaspard mume wangu ni mzima, ila mgongo unamsumbua, kwa sababu bandarini wanapakia shaba siku zote hata Jumapili. Joto la hapa linachosha. Nashona nguo za wake za makarani na kusikia umbea wao bure.

Nimecheka habari ya dawa yako mpaka jirani akaja kuuliza. Wewe ndiye uliyemdanganya mama kwamba kipigo cha padri kilikuwa alama ya ubatizo! Lakini niambie jambo moja, ndilo linalonifanya niandike. Hayo maziwa yananywewa na watoto wa watu wote. Na Inamahoro? Yeye anakunywa nini sasa, Bihogo akiwa amekufa? Usinijibu kwa hadithi za shule. Nijibu kuhusu mtoto.

Nimemtumia gauni la bluu kwa mkono wa Célestine, anayekuja huko Uvira kumwona kaka yake wa Kasenga. Kama ni kubwa, mama alikunje.

Dada yako,
Consolate


Runingu, tarehe 27 Novemba 1955

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika, na gauni limefika. Nilikwenda kwa baiskeli mpaka Kasenga kulichukua. Limemfaa, ila amelitia matope kabla jua halijafika utosini. Mama anakushukuru. Mguu wake wa kushoto unamuuma mvua inapokaribia.

Umeniuliza kuhusu mtoto. Sheria yetu ni kwamba maziwa hayatoki shuleni, na Inamahoro hayumo katika daftari la wanafunzi. Hata hivyo nilimwomba padri, akaniruhusu kuchukua unga unaobaki chini ya mapipa. Nilipata mfuko mmoja mzuri na kuupeleka nyumbani. Mama aliuliza, "Iko nini hii?" Nikamjibu kwamba ni ile ya shule. Akaupokea kwa mikono miwili, akaufunga juu darini panya wasiufikie. Anampa mtoto mwenyewe kwa mkono wake, asubuhi na jioni, hasahau. Kwa hiyo tulia. Mashavu yake yamejaa, hata miguu imejaa. Mama anasema ananenepa.

Na mimi nikuulize, maana hapa hakuna anayetusikia. Mtoto ni wako. Ulituachia akiwa na mwaka mmoja, ukasema utamchukua ukishakaa vizuri kwa mumeo. Sasa ni miaka miwili. Je, shemeji amekwisha kujua?

Ng'ombe wa huku chini wameanza kukohoa. Wanavimba chini ya masikio. Bwana wa mifugo anasema ni kupe.

Térence


Albertville, tarehe 20 Desemba 1955

Mdogo wangu,

Noeli njema kwako na kwa mama. Mwambie ajisugue mafuta ya mawese mguuni kabla ya kulala.

Nimesoma kwamba Inamahoro amenenepa, nikaisoma mara nne. Sasa naweza kula Noeli yangu. Ungejua jinsi nilivyokuwa! Nikimwona mtoto yeyote njiani natazama miguu yake kama ni myembamba.

Lile uliloniuliza, liache kwanza. Gaspard ni mtu mwema na sitaki kumpoteza kwa neno moja. Nitapata siku yake.

Consolate


Runingu, tarehe 22 Januari 1956

Dada,

Natumaini mwaka umeanza vizuri kwenu. Mama anaomba usisahau kusali kwa ajili ya mtamba wake, maana mambo ya ng'ombe ni mabaya. Hatungimana amezika ng'ombe sita tangu Noeli. Bonde lote linanuka. Bwana wa mifugo anazungumza habari za kupe, lakini watu wanatazamana. Hatungimana alisimama baada ya misa, mbele ya kanisa, akasema kwamba kuna nyumba inayopika maziwa, na akiijua nyumba hiyo hakuna mtu atakayelala ndani yake tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilimpa pole.

Bwana Inspekteri alifika tarehe 12. Alihesabu makopo, akaonja, akaandika kwamba shule yetu ni mfano kwa bonde zima. Barua yake imebandikwa ukutani kwa padri.

Mtoto hajambo, ila siku hizi hafukuzi kuku. Anakaa. Nywele zake zimekuwa laini na nyekundu kidogo, labda ni jua. Nilimwambia mama aongeze kipimo, maana anampa kijiko kimoja tu asubuhi na kimoja jioni, unga mkavu ulimini, halafu maji. Akanigombeza: "Weye Térence, dawa banaongezaka? Unataka umuue mutoto wa mwenzako?" Mama ni mama. Pia amemkataza maharagwe na wale samaki wadogo, ndagala, mpaka dawa iishe, kama desturi. Tutaona.

Térence


Albertville, tarehe 12 Februari 1956

Térence!

Sina salamu leo. Nimepata barua yako jana, na asubuhi hii nimekwenda nayo kwa Sista anayepima watoto hapa. Nilimsomea: amenenepa miguu, hakimbii, nywele nyekundu. Hakuningoja nimalize. Alisema mtoto huyo hakunenepa, amevimba. Alisema amevimba kwa kukosa maziwa, nyama, samaki na maharagwe. Akabonyeza mguu wa mtoto mmoja aliyekuwa pale, na shimo la kidole likabaki.

Kijiko! Nyumba ina mfuko wa maziwa, na mtoto wangu analamba kijiko kwa sababu uliita dawa!

Mwambie mama leo. Ukiwa umesimama na barua hii mkononi, ingia ndani umwambie: mama, hii ni maziwa, jaza kikombe. Na maharagwe ampe, na ndagala ampe. Kama mama atalia, alie. Kama mtamba hatakuja, asije. Najua unachokiogopa, lakini neno ulilolisema wewe mwenyewe huwezi kulirudisha? Nijibu kwa meli ya kwanza.

Consolate


Runingu, tarehe 4 Machi 1956

Dada yangu Consolate,

Keti kwanza. Kama kuna mtu karibu nawe, mwombe akae nawe.

Inamahoro alifariki tarehe 27 Februari, saa tatu asubuhi, katika hospitali ya Uvira. Tumemzika Kasenga, karibu na nyumba ya yule kaka wa Célestine, kwa sababu gari la kumrudisha Runingu halikupatikana. Amevaa gauni lako la bluu. Mama alilikunjua pindo ili lifunike miguu iliyovimba.

Nakuandikia yote, nawe unihukumu. Barua yako ilinifikia tarehe 20. Niliisoma njiani, nimesimama kama ulivyoniagiza. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa na Hatungimana. Alikuwa amekuja kusema kwamba pamoja na hasara zote bado atampa yule mtamba, mmoja wa wale wanne waliobaki. Mama alikuwa akilia kwa furaha, ameshika mikono yake. Niliiweka barua mfukoni. Nilisema, kesho. Nilisema hivyo siku tano. Kila asubuhi nilikoroga maziwa ya watoto mia moja arobaini na watatu kwa fimbo ndefu, nikitazama wanavyokunywa, barua yako ikiwa mfukoni. Nilihesabu makopo. Hayakupungua hata moja.

Usidhani nilimwogopa Hatungimana tu. Natamani ingekuwa hivyo. Niliogopa kwamba mama atajua mimi ni mwongo, na watoto watajua, na ile barua ya Bwana Inspekteri itashushwa ukutani. Nilikuwa na neno lililofanya kazi vizuri, nikalipenda.

Tarehe 25 mtoto alikataa hata kijiko. Ngozi ya mapajani ilikuwa ikibanduka. Tulipanda juu ya lori la pamba, mimi na mama, naye akiwa katikati yetu kwenye mkeka. Tulipopita Kavimvira aliomba maji, akanywa, akatapika. Hospitalini tulipokewa na muuguzi anayeitwa Modeste, mtu mpole. Alimtazama, akabonyeza mguu, akauliza: "Huyu mutoto anakulaka nini?"

Mama alimjibu kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. "Anakunywaka dawa ya mwalimu. Kijiko asubui, kijiko mangaribi. Sijasahau hata siku moja. Maharagi nilimukatazia, ndagala nilimukatazia."

"Dawa gani, mama?"

Mama akafungua kanga. Alikuwa ameubeba mfuko, dada. Ule mfuko niliouleta Novemba, aliubeba kifuani njia nzima ili hospitalini wasije wakakosa dawa hiyo. Ulikuwa bado zaidi ya nusu. Modeste aliingiza kidole, akaonja, akanitazama mimi na si yeye.

"Mama," akasema, "hii haiko dawa. Iko maziwa."

Mama alicheka kidogo, kama tunavyocheka mtu akikosea jina letu. "Hapana, mwanangu. Mwalimu mwenyewe alisema." Kisha akageuka kunitazama, akingoja nimkanushe yule kijana. Hata pale nililiacha neno langu lisimame. Akaufunga mfuko polepole, fundo la kwanza, fundo la pili.

Modeste alijitahidi. Alimnywesha tone kwa tone, usiku na mchana, kwa siku mbili. Alisema tungefika mwezi mmoja mapema. Hakusema kwa ubaya.

Tangu tumzike mtoto, mama hajanigombeza. Anapika, ananipakulia, anaondoka. Yule mtamba alimkataa mwenyewe. Alikwenda kwa Hatungimana akamwambia nyumba yake si ya kuingiza ng'ombe. Hakusema sababu. Ananifichia aibu yangu, dada, na hilo ndilo siwezi kulivumilia. Shuleni naendelea. Jana Émérance aliniuliza kama dawa itakwisha lini. Nikamwambia haijakwisha.

Sina haki ya kukuomba kitu. Ukitaka kunilaani, andika, nitasoma.

Térence


Albertville, tarehe 6 Machi 1956

Térence mdogo wangu,

Amani kwako na kwa mama na kwa mwanangu. Unaona nimeandika "mwanangu".

Meli mbili zimepita bila jibu lako. Nimejua maana yake: hujamwambia mama. Wewe tangu utoto ukishasema jambo unalishika hata likuunguze mkono. Nilikukasirikia wiki nzima. Nilishona mikono ya shati la mtu kinyumenyume. Kisha nikajiuliza mimi ni nani wa kukukasirikia? Mimi pia nilikuwa na neno moja, na nimelikalia miaka miwili, na mtoto ndiye aliyelipia.

Basi Jumapili, baada ya misa, nilimwambia Gaspard. Nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga, nikijua atanifukuza. Alikaa akitazama viatu vyake. Akauliza, "Iko na miaka ngapi?" Nikasema mitatu. Akasema, "Na ulimuacha kule siku zote hizi juu yangu? Enda umulete." Ni hayo tu, Térence. Lile nililoliogopa miaka miwili liliisha kabla maji ya chai hayajachemka. Nililia kwa hasira, si kwa furaha.

Kwa hiyo nakuja. Nimepata nafasi katika meli ya tarehe 14, tutashuka Kalundu, na kutoka hapo nitatafuta lori. Wewe usimwambie mama neno lolote, nakutua mzigo huo. Nitamwambia mwenyewe. Hatungimana akitaka kukasirika, anikasirikie mimi. Nitakuwa nimeshaondoka na mwanangu.

Nimemnunulia kikombe cha bati cheupe chenye ua jekundu. Sista amenipimia: kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na akimaliza akitaka zaidi aongezewe. Cha kwanza nataka nimnyweshe mimi. Akiuliza ni nani anayekuja na meli, usimwambie tena ni dada. Mwambie ni mama yake.

Consolate

Nilitaka kusahau: nikifika nikute maji yamechemka.